Bibi Harusi, Usibane Mkojo kwa Ajili ya Gauni



Dada zetu wapenzi, leo hatuzungumzii lesi wala mishono mipya. Tunazungumzia mkojo. Tunajua wapo watakaosema hili si jambo la kuandikwa hadharani, lakini sisi tunashona magauni ya harusi, na kila ukifika msimu, khasa Shaabani na Mfunguo Mosi, tunayasikia maneno yale yale kwa mabibi harusi wanaokuja kupima. “Fundi, nibanie zaidi kiunoni.” “Fundi, gauni hili nikitaka kwenda chooni itakuwaje?” Halafu mwenyewe anajijibu: “Basi siku hiyo sitokunywa maji.”

Anacheka, na sisi tunacheka. Lakini tumeona mwisho wake mara nyingi, na mwisho wake hauchekeshi.

Haya tumefundishwa kuwa ni sehemu ya imani. Lakini haya haikuwazuia masahaba wa kike kuuliza mambo ya miili yao. Bi Ummu Sulaym, Allah amridhie, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamuuliza waziwazi kuhusu mwanamke kuwajibikiwa na josho, na Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kama wao waliuliza, na sisi tuulize.

Mwili unavyofanya kazi

Allah ametupa figo mbili, kila moja kiasi cha ngumi, zimekaa nyuma ya tumbo chini ya mbavu, moja kulia na moja kushoto. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana karibu milioni 1. Damu inapita humo usiku na mchana. Kwa siku moja figo huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka kwenye damu, yaani ndoo 9 za lita 20, halafu karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki ni lita 1 mpaka 2 tu, maji yenye taka na chumvi iliyozidi, na huo ndio mkojo.

Kutoka kwenye figo, mkojo unateremka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu. Kibofu ni mfuko wa nyama unaotanuka. Kikijaa karibu nusu lita kinakuwa kimefika ukingoni, na ubongo unakwambia uende. Ukienda, mkojo unatoka kwa njia ya mwisho, na hapa ndipo tulipo na tofauti na waume zetu. Njia ya mkojo ya mwanamme ni ndefu, kiasi cha sentimita 20. Yetu ni sentimita 4 tu, na mlango wake uko karibu na uke na karibu na njia ya haja kubwa.

Ndiyo maana wanawake tunapata maambukizi ya mkojo, tuliyozoea kuyaita UTI, kuliko wanaume. Vijidudu vinavyosababisha mara nyingi ni vile vinavyoishi kwenye utumbo wa kila mtu. Huko utumboni havina tatizo. Vikivuka na kuingia njia ya mkojo, safari ya kufika kibofuni ni fupi. Karibu nusu ya wanawake hupata UTI angalau mara moja katika maisha. Si aibu, na si dalili kwamba mtu ni mchafu.

Mkojo unapotoka, unavisukuma nje vijidudu hivyo. Usipokunywa maji na ukabana kwa saa nyingi, vinapata muda wa kukaa na kuzaana.

Siku ya harusi, saa kwa saa

Tuhesabu pamoja. Bibi harusi wa kwetu anaingia kwa mpambaji baada ya adhuhuri. Nywele, hina ya kumalizia, uso, gauni. Alaasiri inamkuta kwenye kiti. Magharibi inamkuta anapigwa picha. Anaingia ukumbini baada ya isha, anakaa kwenye kiti cha mbele watu wamtazame, na wageni wanaondoka saa tano usiku. Hizo ni saa nane au tisa. Wengi hawendi chooni hata mara moja.

Sababu si gauni peke yake. Sababu nyengine, ambayo hatuisemi, ni udhu. Bibi harusi anatia udhu kabla ya kupakwa rangi za uso, halafu anaushikilia udhu huo kutoka alaasiri mpaka isha ili asiharibu mapambo. Nia yake ni njema, hataki kuacha sala siku ya furaha yake. Lakini Mtume (s.a.w.) ametukataza kusali hali mtu anasukumana na haja. Kwa hiyo anayebana ili alinde udhu anaumiza kibofu, na sala yenyewe anaisali moyo wake uko chooni.

Dada, panga siku yako upya. Mwambie mpambaji mapema kuwa sala zako haziondoki. Mapambo mazito yaanze baada ya kusali magharibi au isha, na ukumbi usubiri nusu saa. Harusi za kwetu tangu lini zikaanza kwa wakati?

Kwenye gauni, sisi sasa tunamshauri kila mteja haya. Mkia wa gauni uwe wa kuvua na kuvaa, unashikiliwa kwa vishikizo kiunoni. Gagulo lenye waya lisishonewe moja kwa moja kwenye gauni, liwe na kamba yake ya kufungua. Kiuno kibane cha kupendeza, lakini uweze kupumua na kukaa chini bila ya tumbo kuminywa. Ndani vaa nguo ya pamba, si ya nailoni, kwa sababu nailoni inashika jasho. Na chagua mtu mmoja, somo yako au dada yako, kazi yake iwe kukupeleka chooni kila baada ya saa tatu, akushikie gauni. Mpe na chupa ya maji yenye mrija wa kunywea ili rangi ya mdomo isitoke.

Fungate na maneno ya watu

Mteja wetu mmoja, hatutomtaja wala mtaa wake, alirudi kwetu siku ya sita baada ya harusi. Alikuja na mama yake kwa kisingizio cha kupunguza baibui. Alikuwa amenyong'onyea. Siku ya tatu ya fungate alianza kuungua akienda haja ndogo, na akawa anakwenda kila baada ya dakika chache, yanatoka matone tu. Siku ya nne aliona mkojo una damu kidogo.

Maneno yalishaanza nyumba ya pili. Shangazi mmoja wa mume alisema msichana amekuja na maradhi kutoka kwao. Kwa upande wa bibi harusi nako kulikuwa na wa kusema kwamba mume ndiye aliyemletea. Mwengine alisema ni hasadi, asomewe. Mume mwenyewe alikuwa kimya, na kimya kile ndicho kilichomuumiza msichana kuliko mkojo.

Mama yake alisikia shauri, wakaenda hospitali wote wawili, mke na mume. Wakapimwa. Ilikuwa ni UTI ya kibofu. Daktari aliwaeleza kuwa ni jambo linalowatokea sana wanawake wiki za mwanzo za ndoa. Tendo la ndoa huweza kuvisukuma vijidudu vya mwilini mwake mwenyewe kuingia njia ya mkojo, na pale palikuwa na siku nzima ya kubana na kutokunywa maji. Alipewa dawa, akapona, na ndoa ipo, alhamdulillah.

Tunaliandika hili kwa sababu tunajua kuna ndoa ambazo hazikufika hospitali. Zilifika kwa wazee kwanza, maneno yakasemwa ambayo hayarudi tena kinywani. Kumsingizia mwanamke aliyehifadhika ni katika madhambi makubwa katika dini yetu, na UTI si ushahidi wa zinaa. Ni maambukizi ambayo hata msichana mdogo na bibi kizee huyapata.

Pia tuseme kweli yote. Yapo maradhi ya zinaa, kama kisonono na klamidia, ambayo nayo huleta kuungua wakati wa kukojoa. Macho hayawezi kuyatofautisha, wala shangazi hawezi. Kinachotofautisha ni kipimo. Ndiyo maana tunasema mpime kwanza, mzungumze baadaye.

Mambo ya kufanya, na ya kuacha

Kunywa maji mpaka mkojo wako uwe na rangi nyepesi. Ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi, mwili unadai maji.

Nenda chooni unapohisi, na nenda baada ya tendo la ndoa. Ukiamka ukaenda haja ndogo, ukajisafisha na ukatia udhu kabla ya kulala, umefuata sunna na umeutunza mwili wako.

Ukistanji baada ya haja kubwa, osha kutoka mbele kwenda nyuma, na usirudi mbele kwa mkono ule ule kabla ya kuuosha. Watoto wa kike tuwafundishe hivi tangu wadogo, kabla hata hawajaanza skuli.

Yaache mambo ya kutia ndani. Hapa kwetu bibi harusi anapewa shabu, ndimu, sabuni za manukato na mafusho ya kila aina. Udi ufukize nguo na nywele, upendeze. Singo upake mwili. Lakini ndani ya uke Allah ameweka vijidudu vizuri vinavyolinda, na ukiviosha kwa shabu na sabuni unaivunja kinga yako mwenyewe wiki ile ile unayoihitaji zaidi.

Ukiambiwa utoe mkojo wa kupima, jisafishe kwanza, achia wa mwanzo chooni, kinga wa katikati. Mkojo uliochanganyika na uchafu wa nje unaweza kuonesha UTI ambayo haipo. Na kama inarudi kila mwezi, omba kipimo cha kuotesha vijidudu, kijulikane ni kijidudu gani na dawa ipi inakiweza.

Usinunue vidonge vya kubahatisha dukani, wala usimeze vilivyobaki vya shoga yako. Ukipewa dozi, imalize hata kama maumivu yameondoka siku ya pili. Dozi inayokatwa njiani huwaacha vijidudu wenye nguvu.

Na ukiona homa, baridi ya kutetemeka, kutapika na maumivu ya mgongo chini ya mbavu, usisubiri asubuhi. Hapo maambukizi huenda yameshapanda kwenye figo.

Damu kwenye mkojo na kichocho

Dada zetu wa shamba, Unguja na Pemba, hili ni letu khasa. Si kila damu kwenye mkojo ni UTI, na si kila damu ni hedhi. Kichocho bado kinajulikana visiwani kwetu. Mtu mwenye kichocho akikojoa kwenye bwawa au mtoni, mayai ya mdudu huanguliwa majini na kuingia kwa konokono mdogo wa maji baridi. Baadaye hutoka humo na kupenya ngozi ya yeyote anayekoga, anayefua au anayelima mpunga kwenye maji hayo. Mdudu anatulia kwenye mishipa ya damu ya kibofu, na mayai yake yanakichoma kibofu mpaka damu itoke, mara nyingi mwisho wa mkojo. Kwa mwanamke mayai hayo yanaweza kufika hata kwenye mlango wa kizazi na kuleta maumivu na shida ya kupata ujauzito.

Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kumuona mdudu huyo kwa darubini. Subhanallah. Dawa yake ni prazikwanteli, vidonge vile vinavyogaiwa kwenye skuli na majumbani. Vikija kwenye shehia yako, meza.

Mikorogo na figo

Mabibi harusi, tuvumilieni. Kila tunayempima gauni anataka aonekane mweupe siku hiyo, na miezi mitatu kabla anaanza mkorogo. Baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua zina zebaki. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa dhara kubwa la zebaki hiyo ni kwa figo. Inapenya ngozi, inaingia kwenye damu, inafika kwenye vile vichujio milioni 1 na kuviharibu. Ukiona uso unavimba asubuhi, miguu inavimba, na mkojo unafanya povu jingi kama la sabuni, huenda protini inavuja kwenye figo. Uache mkorogo na nenda ukapime. Gauni tutalishona lilingane na rangi aliyokupa Mola wako.

Na sisi tunaoinama kwenye cherehani, na nyinyi mnaosimama jikoni, tunapenda sana vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kila siku bila ya daktari huumiza figo. Aliye na presha au sukari aogope zaidi, kwa sababu maradhi hayo mawili ndiyo yanayoongoza kuharibu figo kimyakimya. Figo haziumi mapema. Zinapoanza kulalamika, kazi kubwa imeshaharibika.

Ukipata ujauzito

InshaAllah baada ya harusi huja mimba. Mjamzito anaweza kuwa na maambukizi ya mkojo bila kuungua hata kidogo, na yakiachwa huweza kupanda kwenye figo au kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo kliniki wakikuomba mkojo, usiseme “mimi sina kitu”. Wanaangalia pia protini, ambayo pamoja na presha ya juu ni dalili ya hatari kwa mama na mtoto.

Baada ya kujifungua, wengi wetu tunavujwa na mkojo tukikohoa, tukicheka au tukirukuu. Yapo mazoezi ya kubana na kuachia misuli ile ile inayozuia mkojo, na yanasaidia sana yakifanywa kila siku kwa miezi. Muulize mkunga akuelekeze. Lakini kama mkojo unatiririka muda wote tangu siku ya uzazi mgumu, hiyo inaweza kuwa fistula, na fistula inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam inafanya matibabu hayo bila malipo. Hakuna haja ya mwanamke kujificha chumbani maisha yake yote.

Na sala usiiache. Mwenye kuvujwa kila wakati ana udhuru katika sharia. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, wakati wa sala ukiingia anajisafisha, anaweka pamba au kitambaa, anatia udhu na kusali papo hapo, na anafanya hivyo kwa kila sala ya faradhi. Kinachotoka baada ya hapo amesamehewa. Muulize ustadhati akufafanulie hali yako.

Ramadhani nayo, maji tuyagawe kuanzia futari mpaka daku, siyo birika zima dakika tano kabla ya adhana. Mwenye maradhi ya figo au aliyewahi kupata mawe amuulize daktari kabla ya kufunga. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na kuipokea ruhusa si udhaifu wa imani.

Kwa mama na masomo

Mwisho tunazungumza na nyinyi mnaomfunda bibi harusi. Mnamfundisha kupika, kujipamba, kumpokea mume na kutunza siri za nyumba. Ongezeni sentensi tatu: kunywa maji, nenda chooni baada ya tendo, na ukiungua sema mapema. Msichana akiambiwa na somo yake kwamba hili hutokea na linatibika, hatokaa siku nne akilia chooni akidhani ameoza.

Na mama wakwe, mkiona mkaza mwana anakwenda chooni kila mara na hasemi, msiulize alikotoka nayo. Mpeni maji, mumpeleke hospitali na mumewe, na mfunge midomo ya wengine.

Allah awape afya mabibi harusi wetu wote, azijaalie nyumba zao utulivu na huruma, na awaponye kila wanaougua figo na kibofu majumbani na hospitalini. Aamin.